Re: Benki imenipa notisi ya siku 90, nyumba imekwenda?

Ndugu, umesema mshahara umeshuka na umechelewa kulipa mkopo wa benki, lakini nyumba yako ya Mamboleo, Kisumu, uliyoiweka rehani haijakwenda. Kwa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, siku 90 zikiisha hujalipa, benki lazima ikupe notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha dalali wa mnada naye atoe notisi ya siku 45. Lakini tafadhali usizikalie! Nenda tawini wiki hii na barua: mshahara umeshuka kutoka ngapi hadi ngapi, na kila mwezi unaweza kutoa kiasi gani. Omba muda wa kulipa mkopo urefushwe. Riba ya jumla itapanda, ndiyo, ila watoto watabaki nyumbani. Wakikubali, dai maandishi, maana ahadi ya simu haimzuii dalali. Mkeo, ikiwa aliridhia kwa sahihi nyumba iwekwe rehani, naye lazima apewe nakala ya notisi ya siku 40.