Wadudu wachache kwenye slaidi, mtoto hana fahamu

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni tabibu wa zahanati wilayani Bagamoyo. Tulimpokea mtoto wa miaka mitatu, kilo 12, ameletwa na bibi yake. Degedege lilikuwa limekatika lakini hakuamka. Kipimo cha haraka kilisoma malaria, ila slaidi ilionyesha wadudu wachache mno. Tukampa rufaa. Wadudu wachache hivyo wanamzimishaje mtoto? Na kama ubongo unavimba, mbona hatuambiwi tumpe manitoli au deksamethasoni?

Jibu: Marahaba. Slaidi haikukudanganya, ila inahesabu wanaozunguka tu. Plasmodium falciparum hukaa ndani ya chembe nyekundu kwa saa 48 hivi kabla ya kuipasua. Katika saa 18 hadi 24 za mwanzo ni kipete kichanga kinachotembea na damu, na ndicho unachokiona kwenye darubini. Baadaye kimelea huotesha vinundu kwenye ngozi ya chembe na kutoa juu yake protini iitwayo PfEMP1. Hapo chembe inanata kwenye ukuta wa mishipa midogo na hairudi tena kwenye mzunguko, kwa hiyo haifiki kwenye kidole ulichochoma. Kipimo cha haraka chenyewe hukamata protini HRP2, ambayo humwagwa hata na vile vilivyojificha. Tatizo lake ni kwamba HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo mstari wa pili peke yake haukuthibitishii kwamba aliyemzimisha mtoto ni malaria.

Vimelea havivuki kuingia kwenye nyama ya ubongo. Vinabaki ndani ya mishipa, na madhara yanaanzia kwenye ukuta. Kila kimelea kina jeni zipatazo 60 za kutengeneza PfEMP1, na hutumia moja kwa wakati. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba zile zinazoambatana na malaria kali hushika kipokezi kiitwacho EPCR. Kazi ya kipokezi hicho ni kusaidia kuamsha protini C, ambayo huzuia damu kuganda na kukaza viungio kati ya seli za ukuta. Kiti kikishakaliwa na kimelea, damu inaanza kuganda na ukuta unavuja. Mishipa ya ubongo ina EPCR kidogo tangu mwanzo, ndiyo maana ubongo unaumia upesi.

Kinachovuja kinavimbisha, na fuvu halitanuki. Huko Blantyre, Malawi, watoto 168 wenye malaria ya ubongo walipigwa picha za MRI, na matokeo yakatoka mwaka 2015. Walikufa 25, na 21 kati yao walikuwa na uvimbe mkubwa. Kati ya 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo ni 39. Shina la ubongo likibanwa, pumzi hukatika kabla ya moyo.

Sasa dawa ulizouliza. Deksamethasoni ilijaribiwa Thailand, matokeo yakatoka 1982: waliopewa walichelewa zaidi kuzinduka. Manitoli haikuwasaidia watoto wa Kampala, na kwa watu wazima India ilirefusha kuzimia. Fenobabitoni ya kinga, mg 20 kwa kilo, ilipunguza degedege kwa watoto wa Kilifi lakini vifo vikawa 30 dhidi ya 14 kwa wasiopewa. Hata dripu ya kumimina haraka imekataliwa. Utafiti wa mwaka 2011 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wakiwemo watoto wa Muheza, ulikuta vifo ndani ya saa 48 vikiwa zaidi ya asilimia 10 kwa waliomiminiwa na 7.3 kwa wasiomiminiwa. Zote hizo ukizieleza ubaoni zinaonekana za busara.

Kwenye zahanati yako, pima sukari kwanza. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, ikiwa chini ya 3 (mmol/L) mpe dekstrosi ya asilimia 10, ml 5 kwa kilo. Mtazame usoni kwa karibu: jicho lililovutwa upande mmoja, mate yanayochuruzika au kidole gumba kinachorukaruka ni degedege linaloendelea kimyakimya, si usingizi. Likishakoma, subiri angalau dakika 30 ndipo umpe alama za Blantyre, yaani kipimo cha kina cha kuzimia kwa mtoto. Sugua kidari kwa vifundo vya vidole. Akileta mkono kukuondoa, mpe 2. Asipouleta, bana ukucha kwa penseli iliyolazwa. Akivuta mkono, mpe 1. Ukijumlisha na macho na sauti, jumla ya 2 au chini ni kuzimia.

Artesuneti, sindano ya malaria kali, isisubiri gari la rufaa. Kichupa cha mg 60 huyeyushwa kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti iliyokuja nacho, kisha kwa sindano ya msuli ongeza ml 2 za maji ya chumvi, upate mg 20 kwa ml. Maji ya kawaida ya sindano hayatumiki. Aliye chini ya kilo 20 hupewa mg 3 kwa kilo: huyu wa kilo 12 ni mg 36, yaani ml 1.8, na kwa vitendo huvutwa 2. Choma paja la mbele, ndani ya saa moja tangu uichanganye. Bibi akisema sindano inaua mtoto mwenye degedege, kama wengi wa Pwani wanavyoamini, usibishane naye. Mweleze kwamba wanaoua ni wadudu waliokwama kichwani na sindano ndiyo inayowafikia.

Usisahau homa ya uti wa mgongo. Katika watoto 31 wa Malawi waliofanyiwa uchunguzi wa maiti, wote wakiwa wamehesabiwa malaria ya ubongo, saba walikufa kwa sababu nyingine. Ndiyo maana antibayotiki huenda sambamba hadi maji ya uti wa mgongo yachunguzwe.

Na akirudi nyumbani salama, andika jina lake kwenye daftari. Kati ya manusura 132 waliofuatiliwa Blantyre, 12 walipata kifafa, na wengi hawakuanza kuanguka siku ile waliyotoka wodini.