Subaru ya turbo inapotoa tiki-tiki asubuhi: kusaka na kuziba uvujaji wa ekzosi

Washa injini ya EJ (jamii ya injini za Subaru) iliyolala usiku kucha, fungua boneti, tega sikio upande wa kulia nyuma. Ukisikia tiki-tiki ya haraka inayokazana kila ukigusa mafuta, kisha ikafifia baada ya dakika tano hadi kumi, moshi unatoroka kwenye kiungo fulani cha ekzosi. Chuma kikipata moto kinatanuka, ufa unajibana, sauti inapotea. Ndiyo maana gari likifika gereji saa nne limeshachemka, fundi haoni kitu na anakwambia hizo ni injekta. Kama unataka jibu la kweli, liache gari lilale hapo hapo gereji, liwashwe asubuhi fundi akiwa amesimama mbele yake.

Tunazungumzia Forester, Impreza WRX na Legacy za turbo moja, kwa sababu ndizo zimejaa barabarani kwetu na mpangilio wake una tabia zake. Silinda zimelala pande mbili, manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) ipo chini ya injini, moshi wa pande zote unaungana na kupanda kwenye bomba moja hadi turbo iliyo juu, upande wa kulia. Tuliite bomba la kupandia. Kutoka turbo moshi unashuka kwa bomba la kushukia, unapita kichujio cha moshi (katalisti) na kwenda kwenye salensa.

Swali la kwanza ni uvujaji uko upande gani wa turbo. Kabla ya turbo, moshi umebanwa; gari linaposukuma 0.8 bar kwenye injini, shinikizo ndani ya manifoldi mara nyingi limezidi hapo. Tundu dogo kama kichwa cha kiberiti linamwaga nguvu iliyopaswa kuzungusha turbo, kwa hiyo turbo inachelewa kuingia, gari linakuwa zito kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000, na mafuta yanakwenda. Baada ya turbo, nguvu haipungui kwa kiasi cha kuhisi. Unabaki na kelele na harufu.

Harufu usiichukulie mzaha. Feni ya ndani inavuta hewa chini ya wipa, nyuma tu ya turbo. Moshi ukivuja pale unaingia ndani ya gari pamoja na kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi. Ukipata kichwa kuuma au usingizi wa ghafla kwenye foleni, shusha vioo, toka, na gari lisiendeshwe tena mpaka litengenezwe. Na vipimo vyote vya injini inayonguruma vifanyike nje, si ndani ya gereji iliyofungwa.

Kabla ya kununua gasketi, ondoa washukiwa wa bure. Mabati ya kuzuia joto kwenye Subaru yanaoza kwenye boliti na kutetemeka kwa sauti inayodanganya kabisa; injini ikiwa baridi, yagonge kwa ngumi, lile linalolia likazwe. Injekta zinatika pia, ila sauti yake ni kavu, iko juu, na haipotei injini ikichemka. Paipu ya intakula (kipoozeo cha hewa ya turbo) iliyofunguka inatoa "fsss" wakati turbo inasukuma tu, na mara nyingi na moshi mweusi nyuma. Na kwa waliopandisha gari kutoka Mombasa hadi Nairobi: hewa ya mita 1,700 ni nyepesi, turbo lazima ichelewe kidogo. Hiyo si hitilafu.

Sasa kusaka penyewe. Chukua paipu ya mpira ya mita moja, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe kwenye viungo injini ikiwa baridi na inanguruma, ukikaa mbali na feni na mikanda. Inasaidia kubana eneo, ila sauti chini ya boneti inaruka ukutani na kurudi, kwa hiyo usiiamini peke yake.

Kipimo tunachokipenda hakihitaji injini kuwashwa. Tafuta blowa, au mashine ya kufyonza vumbi yenye upande wa kupuliza, ingiza mpira wake kwenye mdomo wa ekzosi na uzibe pembeni kwa tambara lililoloana. Kama gari lina midomo miwili, ziba mmoja. Changanya nusu lita ya maji na vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, weka kwenye chupa ya kupulizia, kisha lowesha kila kiungo: manifoldi inapokutana na silinda hedi, viungo vya chini ya injini, ncha zote mbili za bomba la kupandia, flanji (uso bapa wa kuungia) ya bomba la kushukia, na kiungo chenye springi mbili kule chini. Povu litakuonyesha tundu. Ukisikia hewa ikitokea kwenye boksi la ea klina usishtuke. Kuna silinda ambayo valvu zake zimebaki wazi. Kompresa ya kujazia upepo wa tairi usiitumie moja kwa moja, shinikizo lake ni kubwa mno.

Macho nayo yanasema. Masizi meusi au alama ya kijivu yenye umbo la mkia wa jogoo ikitoka kwenye mstari wa gasketi ni ushahidi tosha. Kama una skana, angalia STFT na LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Sensa ya oksijeni iliyo baada ya tundu inaonja hewa inayovutwa kati ya mapigo ya moshi, inadhani mchanganyiko umekonda, kompyuta inaongeza mafuta. Jumla ikizidi asilimia 10 kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa) halafu ikashuka ukipandisha mizunguko, tundu la kabla ya sensa linawezekana, ingawa uvujaji wa vakyumu nao unafanana na hivyo. Kwa hiyo sabuni kwanza, skana baadaye.

Kwenye magari haya, mkosaji mkubwa ni bomba la kupandia, hasa gasketi yake ya kwenye turbo yenye boliti tatu. Kuifikia inabidi utoe intakula ya juu na mabati ya joto. Bomba lenyewe pia hupasuka kwenye weldi. Baadhi ya matoleo ya EJ205 yana kichujio kidogo ndani ya bomba hilo, likishatoka, chungulia. Kichujio kilichoanza kumeguka kitapeleka vipande moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo, na hapo hesabu ya gasketi inageuka kuwa hesabu ya turbo.

Kazi ngumu si gasketi. Ni nati. Zimepikwa miaka kumi na tano Japani na hapa, zimeungana na stadi zake (boliti zisizo na kichwa). Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu jana yake, rudia asubuhi. Tumia soketi ya pembe sita, ya milimita 14 kwenye nati nyingi za manifoldi, si ile ya pembe kumi na mbili inayokula kona. Kaza kidogo kwanza mpaka usikie "tik", ndipo ulegeze, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ikigoma, ipashe moto nati yenyewe kwa gesi mpaka ianze kuwa nyekundu, ukiwa umeshafuta mafuta yote uliyomwaga na umekinga paipu za mpira, nyaya na mafuta ya breki, na kizima moto kiko mkononi mwa msaidizi.

Stadi ikikatika ndani ya hedi, usikimbilie kichomoleo cha nyuzi za kinyume. Kikivunjikia mle ndani, ni chuma kigumu kuliko keekee yoyote uliyonayo. Kama kisiki kimechomoza hata milimita tatu, weka nati juu yake, ichomelee kwa ndani, iache ipoe kidogo, kisha zungusha taratibu. Joto la weldi linalegeza kutu na hedi ya aluminiamu inatanuka kuliko chuma, kwa hiyo mara nyingi kinatoka. Kikiwa kimekatika ndani kabisa, piga senta katikati kweli, anza na keekee ya milimita 3, panda polepole. Nyuzi zikiharibika, weka koili mpya ya nyuzi ya M10 ya hatua 1.25. Keekee iliyokwenda upande hapa ndiyo inayoleta gharama ya kushusha injini.

Vyuso vya flanji visugue mpaka ving'ae, weka rula ya chuma juu yake na upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Ikipita 0.2 mm, flanji imejikunja. Gasketi mpya haitaokoa kitu, peleka isawazishwe. Nunua gasketi za chuma za tabaka, mpya, kwa namba ya chesisi. Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala) utapewa pia za karatasi ngumu iliyofunikwa bati, kwa bei ya kuvutia. Kule chini karibu na salensa zinafaa. Kabla ya turbo zinaungua.

Silikoni nyekundu usiipake kabisa upande wa kabla ya turbo. Inavumilia nyuzijoto 300 na kitu, na pale moshi unaweza kupita 800 gari likibanwa. Inaungua, inamumunyuka, vipande vinagonga mapanga yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mvuke wake unaharibu sensa ya oksijeni. Bandeji na udongo wa kuzibia ekzosi ni hivyo hivyo.

Kurudisha, shika mpangilio. Ingiza boliti zote kwa vidole, manifoldi, bomba la kupandia, turbo na kibano chake, vyote vikiwa vinacheza. Kisha kaza kuanzia kwenye hedi kwenda juu, kwa zamu, hatua mbili. Ukikaza ncha moja kabisa halafu uvute bomba likutane na turbo kwa nguvu, umeliwekea mkazo na litapasuka tena kwenye weldi. Nati za turbo, tatu za chini na tano za bomba la kushukia, zinakaa kwenye 35 Nm hivi; thibitisha kwenye kitabu cha injini yako. Tumia nati na stadi za asili, paka grisi ya nikeli kidogo kwenye nyuzi, na boliti za duka la vifaa vya ujenzi waachie wajenzi. Kibano cha bomba la kupandia kirudishwe. Mafundi wengi hukiacha sakafuni kwa sababu kinasumbua kufunga, na bomba linabaki likitetemeka peke yake.

Ukilazimika kufungua paipu ya oili ya turbo, weka washa mpya za shaba, kisha chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na upige stata kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.

Rudia sabuni na blowa kabla ya kufunga intakula, maana ukishaifunga hutaona tena kiungo cha turbo. Gari likishachemka na kupoa mara mbili au tatu, pitia nati zote likiwa baridi; zitakubali robo mzunguko hivi, halafu zitatulia.