Kipima ulevi kimewaka kijani, mke wangu akakataa kupanda gari

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Nakaa Gilgil. Jumamosi jioni hukutana na marafiki Kikopey kwa nyama choma, nami hunywa Tusker kubwa sita hivi, kuanzia saa mbili hadi karibu saa sita usiku. Gari naliacha nyumbani, narudi kwa bodaboda. Jumapili saa moja asubuhi ndipo nawapeleka mke na watoto kanisani Nakuru. Majuzi nilinunua mtandaoni kipima ulevi cha bei nafuu, cha kutia mfukoni. Nikapuliza, kikaonyesha 0.05 na taa ya kijani. Mke wangu hata hivyo alikataa kupanda, wakaenda kwa matatu, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Si sheria iko upande wangu? – Baba Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nakupongeza kwa kuliacha gari nyumbani usiku. Lakini kwa habari ya asubuhi, mimi niko na mkeo.

Hebu nikuulize: 0.05 ya nini? Vipima ulevi vingine huonyesha asilimia ya pombe kwenye damu, vingine miligramu kwa lita moja ya pumzi. Kikomo cha Kenya kwa dereva wa kawaida ni maikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kama chako kinasoma damu, ulikuwa na miligramu 50. Hapa hujavuka kikomo. Ufaransa, kiwango hicho hicho ni kosa tayari. Kama kinasoma pumzi, ulikuwa na maikrogramu 5 katika mililita 100, moja ya saba tu ya kikomo. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, na taa ya kijani ni ile ile. Tazama herufi ndogo kando ya namba: % (kwa mia ya damu), ‰ (kwa elfu ya damu) au mg/L (miligramu kwa lita ya pumzi).

Sasa tupige hesabu ya chupa. Tusker ya mililita 500 ina pombe ya asilimia 4.2, yaani karibu gramu 16 na nusu za pombe tupu. Sita ni kama gramu 100. Ini la watu wengi huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliharakishwi na supu, kahawa wala maji baridi ya kuoga. Ukianza saa mbili usiku, mwenye ini jepesi atakuwa amemaliza alfajiri saa kumi na mbili. Mwenye ini la polepole, saa nne asubuhi na zaidi. Wewe saa moja tayari umeshika usukani. Ini lako ni la kundi gani hujui, nami pia sijui.

Utasema ndiyo maana ulinunua kifaa. Vile vya bei ya chini mara nyingi hunusa pombe kwa kihisio cha semikondakta, ambacho hubabaishwa na moshi wa sigara, manukato, hata asetoni inayotoka kwenye pumzi ya mwenye kisukari au aliyefunga. Vya seli ya kielektrokemia, vinavyopima umeme unaotokana na pombe yenyewe, ni bora, ndivyo polisi wa nchi nyingi hutumia. Vyote huhitaji kurekebishwa kila baada ya miezi kadhaa, jambo ambalo wanunuzi wengi hawafanyi kamwe. Tena kuna kupuliza kwenyewe: ukitoa pumzi fupi ya mdomoni badala ya ile ndefu ya kutoka kifuani, namba hushuka. Ukipuliza punde tu baada ya kunywa au kusukutua kwa dawa yenye spiriti, hupanda. Ngoja dakika 15 hadi 20.

Na hata kikisoma sifuri, hakipimi usingizi. Nimefanya kazi chumba cha dharura miaka mingi, na waliokuwa wakiniumiza moyo ni wale wa Jumapili asubuhi: baba amevaa suti, mdomo unanukia dawa ya meno, anauliza mtoto yuko kitanda gani. Wengine hawakuwa wamelewa kwa maana ya sheria. Walikuwa wamelala kwa muda wa saa nne tu, wakaingia barabara kuu ya Nakuru yenye malori, macho yakafumba kidogo.

Kwa hiyo usikitupe kifaa chako, ila kitumie upande mmoja tu. Kikionyesha pombe yoyote, ufunguo unabaki ukutani. Kikionyesha sifuri, bado jiulize umelala kwa muda wa saa ngapi na kichwa kikoje. Mkitaka gari Jumapili asubuhi, Jumamosi kunywa mbili na uziache kabla ya saa tatu usiku. Ukitaka sita, basi Jumapili pandeni matatu wote wanne, au mwende ibada ya baadaye kama kanisa lenu linayo. Na mkeo mwambie leo kwamba alikuwa sahihi, kisha umlipie masomo ya udereva ili nyumba iwe na leseni mbili, kama bado hana.