Libya kazi haikuisha
Ndugu, unasema Marekani iingie Sudan imalize kazi kama Libya. Kazi gani iliisha? Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la UN, la Machi 2011, lilihusu kulinda raia, lakini ndege za NATO zikageuka jeshi la anga la waasi. Gaddafi akauawa Oktoba 20, na kufikia 2014 Walibya wanachinjana tena. Silaha zake zilivuka jangwa hadi kaskazini mwa Mali. Obama mwenyewe alikiri 2016 kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kutojipanga kwa siku za baada ya kuingilia Libya. Sikatai, mji wa waasi wa Benghazi ulikuwa hatarini kweli mbele ya majeshi ya Gaddafi. Ila Sudan mimi ningeanza kwa kuwabana wanaoingiza silaha, wa upande wa jeshi na wa RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi hilo, kabla ya kutuma hata ndege moja.