Shali ya Kashmir, pete, na doa la chai

SWALI: Fundi, shikamoo. Mwaka jana nilimsindikiza mama Delhi kwa matibabu, na kabla ya kurudi nikanunua shali ya sufu yenye tarizi. Muuzaji, Mkashmiri, aliniapia kuwa ni pashmina, imefumwa na kutariziwa kwa mkono. Shoga yangu hapa Tanga aliipitisha kwenye pete ikakwama, akasema nimepigwa. Ni kweli? Na je, naweza kuifua? Ina doa la chai na vitundu viwili karibu na matamvua.

JIBU: Marahaba, dada. Kwanza mrudishie shoga yako pete yake. Pete inapima wembamba wa kitambaa tu, haijui kimefumwa kwa kitu gani. Mtandio mwepesi wa polista unapita bila tabu, na pashmina halisi iliyojaa tarizi pembe hadi pembe inakwama.

Chomoa uzi mmoja wa matamvua, uushike kwa kibano, uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe ukiondoa moto, na jivu lake husagika vidoleni. Polista na nailoni huyeyuka zikaacha kishanga kigumu. Uzi wa viskosi, unaotengenezwa kutokana na mbao, hunuka karatasi. (Nasema sufu, si sufi. Sufi ni ya mtini, ya kujazia mito, nayo pia hunuka karatasi.) Lakini moto hautakuambia kama ni mbuzi au kondoo. Pashmina ni manyoya ya ndani ya mbuzi wa nyanda za Changthang, Ladakh, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari; unyoya wake una unene wa mikroni 12 hadi 16, wakati unywele wako wewe ni kama 70. Hilo ni la hadubini. Srinagar, mji wa Kashmir, kuna maabara inayopima na kubandika lebo kwenye shali zilizofaulu, maana jina la Pashmina ya Kashmir linalindwa kisheria India tangu 2008. Kama yako haina lebo, huo si ushahidi dhidi yake. Nyingi nzuri hazina.

Kuhusu mkono, mimi huwa siangalii mbele kabisa. Igeuze. Mashine ya kutarizi hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, kwa hiyo nyuma utakuta uzi wa rangi moja tu, mara nyingi mweupe au mweusi, hata kama ua la mbele ni jekundu. Sozni, yaani tarizi ya sindano ya Kashmir, haina uzi wa pili: penye jekundu mbele pana jekundu nyuma, vishono ni vidogo kama punje za mchanga, na kazi bora kabisa huwezi kujua upande upi ni upi. Kisha tafuta lile umbo tunaloliita korosho kwenye kanga. Wahindi huliita buta, na huenda limo kwenye shali yako. Chagua korosho mbili uhesabu vishono vya ukingo. Zikilingana kishono kwa kishono, hiyo ni mashine. Fundi wa sozni huweka shali gotini akafuata mchoro uliogongwa kwa muhuri wa mbao, na mkono hauwezi kujirudia hivyo.

Sasa kufua. Lowesha pamba nyeupe, ukandamize kila rangi upande wa nyuma. Ikitoka rangi, hasa nyekundu, usiitie majini kabisa. Ikiwa safi: maji baridi, shampuu kidogo ya mtoto, kandamiza bila kusugua wala kukamua. Joto na msuguano hushikamanisha magamba ya sufu, shali ikarudi saizi ya leso ya mfukoni. Jiki usiisogeze hata karibu, inayeyusha sufu. Sabuni za unga zenye vimeng'enya zinaila vilevile, kwa kuwa sufu ni protini. Iviringishe ndani ya taulo, kisha uilaze kivulini, usiianike kambani. Doa la chai lidonoe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji mengi. La mwaka mzima linaweza kufifia tu.

Hivyo vitundu ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko pete. Huyo ni nondo, au tuseme kiwavi wake. Najua utaifukiza udi. Itanukia, kiwavi atabaki. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache siku nzima ndani ya mfuko huohuo kabla ya kufungua, isije ikapata unyevu. Baada ya hapo ndipo utililie, yaani uzibe vitundu kwa sindano, kwa uzi uliochomolewa kwenye matamvua yake yenyewe. Ukimpa fundi cherehani nitakasirika.