Umeandika Jayden kwenye cheti, Mrisho umemwacha wapi?

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu hasemi nami kwa sababu ya jina la mtoto. Nina miaka 27, naishi Tabata, na mwanetu wa kwanza ana miezi mitano. Upande wa mume walitaka aitwe Mrisho, jina la baba mkwe. Mimi naona limepitwa na wakati, wenzake watamcheka. Tangu nikiwa mjamzito nilimwambia mume nataka Jayden, naye hakupinga. Siku ya akika shehe alitaja Mrisho, nikanyamaza kwa kuheshimu wageni. Baadaye nikaenda mwenyewe kushughulikia cheti cha kuzaliwa, nikaandika Jayden. Juzi mume amekikuta kabatini akitafuta karatasi za bima. Hajagomba, ila analala sebuleni, na mama yake amerudi Mbagala bila kuniaga. Baba mkwe alifariki mwaka jana, ndiye aliyetupa kiwanja tunachoishi. Je, nimekosa kumpa mwanangu jina la kisasa? Mama J, Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Pole, kulea kichanga huku mwenzio amekununia ni kazi nzito. Ila pole yangu inaishia hapo, maana kila nikiirudia barua yako namwona mumeo ndiye aliyeonewa.

Unasema "hakupinga". Mbona hukuandika "alikubali"? Mwanamume aliyeondokewa na baba yake, mkewe anamletea habari za Jayden, ulitaka aseme nini? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huo umehamia sebuleni. Kifo cha baba mkwe umekichomeka mstari wa mwisho pamoja na kiwanja, kama vile hakihusiki. Mimi naona barua yote ni hiyo. Unalala juu ya ardhi ya mzee, jina lake unaliona la kishamba.

Tena ulikaa kwenye akika, jina likatajwa mbele ya watu, dua ikaombwa, pilau ikaliwa. Wageni uliwaheshimu, mumeo ukamzunguka. Cheti ukakificha kabatini. Kama ulijua uko sawa, ulikificha kwa nini?

Sasa tulizungumze jina lenyewe. Mtoto wetu huandikwa majina matatu: lake, la baba, la babu. Mwanao kwenye hicho cheti ni Jayden, kisha jina la mumeo, kisha Mrisho. Kwa hiyo hujamkimbia Mrisho, mwalimu atamsoma kwenye daftari la mahudhurio vilevile. Lakini tazama mbele kidogo. Huyo Jayden akija kuzaa, mtoto wake ataandikwa lake, la Jayden, na la mumeo. Mrisho hayumo tena. Katika familia zisizo na jina la ukoo, kama zilivyo nyingi za Pwani, mzee hufutika kwenye karatasi namna hiyo, wala hakuna aliyekusudia. Ndiyo maana wazee wetu humpa mjukuu jina la babu, lirudi mwanzo lianze safari upya. Mumeo alikuwa anamrudisha baba yake nyumbani.

Unataka usasa. Hapa mjini wazee waliitana Mrisho, Kondo, Pazi. Waliofuata wakajaa kina Juma, Hamisi na Ramadhani, na kwa Wakristo kina Yohana na Petro, ambao wajukuu zao wakawa John na Peter, halafu kina Kelvin na Brian. Leo simama mlangoni mwa chekechea yoyote ya Tabata uite Jayden, uone watakavyogeuka. Na huko Marekani unakodhani majina hayazeeki, serikali huyahesabu kila mwaka: John aliongoza hadi 1923, Michael akatawala karibu miaka yote kuanzia 1954 hadi 1998, akaja Jacob, akaja Noah, na mwaka 2017 Liam akashika usukani. Jayden alivuma zaidi karibu na mwaka 2010, sasa ameshuka. England na Wales, jina lililopewa watoto wengi wa kiume mwaka 2023 ni Muhammad. Unamfukuzia nani?

Kuhusu kuchekwa, Rais wetu wa 2005 hadi 2015 alikula kiapo akiitwa Jakaya Mrisho Kikwete. Mrisho Ngassa kachezea Yanga, Azam na Simba, majukwaa yakiliita jina hilo kwa furaha. Watoto hawacheki jina mpaka wamsikie mkubwa analidharau.

Kinachonisikitisha ni ndoa zenu za siku hizi. Jina linaandikwa kwenye keki ya sherehe ya mimba, mashosti wanapiga picha, baba mtoto analiona kwenye simu kama mtu baki. Mnashauriana na grupu la WhatsApp kabla ya kumuuliza mnayelala naye kitanda kimoja. Mkikorofishana mnamtupia lawama mama mkwe. Huyo wako alikuwa kwako, mwanangu, na sidhani alikuja kutembea tu wakati kuna kichanga ndani. Kaondoka bila kukuaga kwa sababu kasikia mjukuu amenyimwa jina la marehemu mumewe kwenye cheti.

Fanya hivi. Usiku wa leo mtoto akilala, mfuate mumeo hukohuko sebuleni, umwambie ulifanya kwa siri na umekosa. Usianze kumweleza uzuri wa Jayden. Kisha nendeni RITA, wanakotoa vyeti vya kuzaliwa, wote wawili, muulize utaratibu wa kubadili jina. Viapo na gharama vitakuwepo, vumilieni. Jayden libaki jina la nyumbani, kama mumeo ataridhia. Na ikiwa unaona haya kumwita mwanao jina la baba mkwe, wanawake wengi wa Pwani wana haya hiyo hiyo, mtoto humwita "Babu" na maisha yanaendelea.

Mbagala uende wewe mwenyewe, na mtoto umbebe. Usimtume mumeo akakuombee radhi.