Barua kwa mwanangu: Hori ya Bethlehemu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema mnaandaa igizo la Krismasi, na kijana mmoja wa kwaya amekuuliza hori ilikuwa kitu gani hasa, na kwa nini malaika aliifanya ishara. Ukashindwa kumjibu, ukanirudishia mimi swali. Umefanya vema, maana jambo hili nalipenda sana.

Hori ni chombo cha kulishia mifugo. Kwanza weka pembeni ile ya mbao ya kwenye kadi. Nchi ile ina mawe tele, mbao nzuri ndizo zilizokuwa za shida. Kule Megido, mji wa kale wa Israeli, wachimbaji walifukua hori za mawe ya chokaa, kila moja imechongwa kutoka jiwe moja, zimekaa katikati ya nguzo, na baadhi ya nguzo zina matundu ya kupitishia kamba ya mnyama. Hizo ni za enzi za wafalme. Kwa mtu wa kawaida ilitosha kuchimba kishimo kwenye mwamba, au kujenga kwa mawe na udongo.

Na ilikuwa wapi? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mifugo ililala ndani na wenyewe. Soma 1 Samweli 28: yule mwanamke wa Endori alikuwa na ndama aliyenona mle mle nyumbani. Wewe hili halikupi shida, uliikuta nyumba ya bibi yako: ng'ombe upande ule, kitanda upande huu, moto katikati, na usiku kucha unasikia mnyama akicheua. Nakumbuka hori yake ya gogo, ukingo umelainika kama umepigwa msasa, kumbe ni ndimi tu za miaka mingi.

Luka anasema hapakuwa na nafasi katika "nyumba ya wageni", lakini neno lake la Kigiriki, kataluma, ndilo alilolitumia tena katika 22:11 kwa chumba ambamo Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake. Nyumba ya kulipia, ile ya Msamaria mwema, aliiita kwa neno lingine kabisa. Kwa hiyo mimi naamini chumba cha wageni kilikuwa kimejaa ndugu, na Mariamu akapewa nafasi kule kwenye joto la mifugo. Mwenye nyumba anayewafukuza mlangoni simwoni popote katika Luka. Tafadhali msimtie kwenye igizo. Inaniuma kila mwaka kuona watoto wakifundishwa kuichukia Bethlehemu.

Sasa ishara. Malaika aliwaambia wachungaji watamkuta mtoto amevikwa nguo za kitoto, amelazwa horini. Nguo za kitoto peke yake zisingewasaidia wachungaji, kila mtoto mchanga alifungwa hivyo. Hori ndiyo iliyomtofautisha. Tena, mwanangu, waza walioambiwa ni nani. Ni watu wanaonuka kondoo, usiku wa manane. Wangeambiwa yuko ikulu wangeishia getini. Kwenye hori waliweza kuingia na miguu yao yenye matope, wala pasiwe na wa kuwauliza wanatafuta nini.

Ng'ombe na punda Luka hawataji. Wametoka Isaya 1:3, "Ng'ombe amjua bwana wake", na punda naye anaijua hori ya bwana wake, ila Israeli hajui. Kiebrania hapo ni neno la hori, na Wayahudi waliotafsiri kwa Kigiriki waliweka phatne, lile lile la Luka. Kila nikiusoma mstari huo naona Luka aliukumbuka alipoandika. Kwa hiyo wanyama wawekeni tu, muwasogeze karibu kabisa na mtoto.

Hori ya bibi bado ipo nyuma ya jiko, nimeifunika kwa bati. Ina ufa upande mmoja lakini inabeba. Mkitaka kuitumia, njoo na gari la mtu, ni nzito. Na ulete majani makavu, ya hapa yameloa mvua.

Mama yako